Tamko la Wazazi wa Watoto Njiti Kuhusu Upimaji wa Presha

Sisi wazazi tunaolea watoto njiti hapa Tanzania, tumekubaliana kutoa tamko hili kwa Wizara ya Afya, watumishi wa kliniki na wazazi wenzetu.

Tunatambua kazi kubwa iliyokwishafanyika ya kuokoa uhai wa watoto hawa. Huduma ya kangaruu imeenea, na marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamewaongezea likizo wazazi wa njiti. Hayo tunayapongeza bila kinyongo. Linalotutia wasiwasi ni yale yanayofuata mtoto akishanenepa na ndugu wakaacha kumwita njiti.

Tafiti zimeonyesha kuwa aliyezaliwa kabla ya wiki 37 yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata presha ya kupanda ujanani na utu uzimani. Figo ni sababu mojawapo: vichujio vyake hukamilika kuumbika karibu na wiki ya 36, na anayezaliwa mapema mara nyingi huwa navyo vichache maisha yake yote. Moyo nao huanza kazi nzito misuli yake ikiwa bado michanga, na umbo lake huweza kubaki na tofauti hadi ukubwani. Hatusemi kila njiti ataugua. Wengi hukua salama. Tunachosema ni kwamba wapimwe.

Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017 unataka kila mtoto apimwe presha kila mwaka kuanzia miaka 3, na aliyezaliwa kabla ya wiki 32 aanze mapema zaidi. Kwetu, chanjo ya surua ya miezi 18 ikishapita, kliniki hubaki kuwa mizani tu, na wengine hawarudi tena. Mama akiomba mwanawe apimwe presha, mara nyingi mkanda uliopo ni wa mtu mzima. Mkanda mkubwa kuliko mkono wa mtoto huonyesha presha ya chini kuliko ilivyo. Mama anarudi nyumbani ametulia, kumbe kipimo kimemdanganya.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ipeleke mikanda ya watoto hadi zahanati, na wahudumu waandike kwenye kadi wiki za ujauzito, si uzito peke yake.

Nawe mzazi mwenzetu, usingoje dalili, maana presha aghalabu haina. Mpeleke mtoto akapimwe hata kama anashinda uwanjani akicheza mpira, na umwambie daktari alizaliwa na wiki ngapi, hata asipokuuliza.