Sabuni za Meksiko Cibitoke: Tunafua Nguo au Tunafua Jina?



Leo mada yetu ni beseni la nguo. Atakayecheka na acheke, lakini tahara ni mlango wa Swalah, na mali inayotoka nyumbani bila sababu tutaulizwa habari yake.

Katika mtaa wetu wa Cibitoke limezuka jambo. Sabuni za kufulia kutoka Meksiko zimeingia majumbani, na sasa zimekuwa kipimo cha heshima. Bi harusi asiye nayo anaonekana hajatunzwa. Dada mmoja alinunua mfuko mmoja kwa pesa aliyoweka kwa ajili ya daftari za watoto watatu. Watoto wakaenda shule wakiandika kwenye karatasi za mwaka uliopita. Hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Zimefikaje huku? Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi miaka mingi katika kambi za Tanzania. Wengine wana ndugu hapa Bujumbura. Kule Marekani wanaishi karibu na maduka ya Wameksiko, wananunua Foca, ile yenye picha ya sili, au Roma, au ile ya kipande iitwayo Zote (ndivyo inavyoandikwa, si mzaha wetu). Wakisafiri kuja nyumbani wanatia mbili tatu kwenye sanduku kama zawadi. Zawadi ni jambo jema. Lakini fahamuni: kule hizo ni sabuni za bei nafuu, za watu wanaohesabu senti zao. Maskini wa kule anazinunua ili abane matumizi. Sisi huku tunazinunua ili tuonekane. Je, hilo si la kushangaza?

TULIJARIBU WENYEWE

Hatukutaka kuhukumu kwa kusikia. Sisi ni nyumba tatu katika ua mmoja. Kwa Jumamosi nne tulifua kwa mkono, beseni moja sabuni ya kipande ya hapa, la pili unga wa kawaida wa dukani, la tatu ya Meksiko tuliyoletewa. Tulifua kanzu za Ijumaa, sare za kaki, nguo za watoto na vitambaa vya jikoni vyenye mawese.

Matokeo ni haya. Kwenye kola na miguu ya suruali, sabuni ya kipande ilishinda, kwa sababu unaisugua pale pale penye uchafu. Mafuta ya mawese yalitoka kwa zote tatu, lakini rangi yake ya njano haikuondoka kwa yoyote mpaka tulipoanika juani. Jua la Imbo ndilo lililomaliza kazi, nalo halina bei.

Kanzu za beseni la tatu ziling'aa zaidi mchana, tunakiri. Lakini usiku chini ya taa tofauti haikuonekana. Sababu inajulikana: sabuni nyingi za kisasa zina dawa ya kung'arisha, ambayo hunasa miale ya jua isiyoonekana na kuitoa kama mwanga wa samawati. Jicho linaona weupe, wakati uchafu haukupungua hata chembe. Bibi zetu walipata karibu matokeo hayo hayo kwa kutia bluu kwenye maji ya mwisho.

Haki ni haki, na unga nao una faida yake. Maji yetu mengi hutoka Ziwa Tanganyika, nayo yana chokaa na magnesia. Sabuni ya kipande ikikutana na madini hayo hutoa utando mweupe unaoganda kwenye nguo. Unga hautoi utando huo. Lakini hiyo ni sifa ya unga wowote, hata ule wa butiki ya jirani.

Kisha likatokea la kutokea. Jumamosi ya tatu bomba lilikuwa kavu, tukasuuza mara moja tu kwa bidoni mbili. Kesho yake mtoto mchanga akatoka vipele shingoni. Hatumlaumu mtengenezaji yeyote, tunajilaumu wenyewe. Maelekezo yalikuwa ya Kihispania, hakuna aliyeyasoma, na tulitia unga kwa kukisia, tukidhani povu jingi ndio usafi.

KWA WANAOSEMA "HAKUNA KAMA YA MEKSIKO"

Ndugu zetu, povu si tahara. Nguo iliyoingia najisi hutahirika kwa maji safi, mpaka iondoke dhati yake, rangi, ladha na harufu. Mtu akifunika harufu ya mkojo wa mtoto kwa manukato ya waridi hajatahirisha, ameficha. Na povu likizidi, maji ya kusuuza yanazidi. Anayebeba bidoni hizo ni nani? Ni binti wa nyumbani, kabla hajaenda madrasa. Israfu hapa ni mbili: ya mali na ya maji.

NA KWA WANAOSEMA "ZOTE NI NGURUWE"

Hapa pia tunasema hapana. Kuna wanaotangaza barazani kwamba kila sabuni ya Meksiko ina mafuta ya nguruwe. Wana ushahidi gani? Sabuni za unga kwa kawaida hutengenezwa kwa kemikali, nyingi zikitokana na mafuta ya petroli. Sabuni ya Zote ndiyo yenye mafuta ya mnyama pamoja na ya nazi. Mafuta ya aina hiyo aghalabu ni ya ng'ombe, na swali la haki ni la uchinjaji. Wanavyuoni wamekhitalifiana: Mahanafi wanaona mafuta yakishageuka kuwa sabuni hukumu yake imegeuka, na Mashafi, ambao ndio wengi kwetu, hawakubali mgeuko huo. Hata hivyo nguo ikisuuzwa kwa maji safi mpaka athari iishe, imetahirika. Kwa hiyo msiharamishe kwa uvumi, na msivunje udugu kwa kipande cha sabuni. Aliye na shaka amuulize sheikh wake.

Lakini nasi tunauliza: mtu ana sabuni iliyopikwa kwa mawese, na michikichi imejaa Rumonge kando ya ziwa letu. Haina shaka, ina bei ndogo, na faranga inabaki kwa mkulima na mpishi wa hapa. Kwa nini alipe zaidi ili anunue shaka?

NASAHA ZETU

Ukiletewa zawadi, ipokee, shukuru, itumie kwa kiasi. Usiinunue kwa pesa ya daftari, ya dawa wala ya chakula. Nguo za mtoto mchanga zisuuzwe mara tatu, na maji yakiwa haba, punguza sabuni, usipunguze kusuuza. Wakwe, msimpime bi harusi kwa mfuko wenye picha. Na wanafunzi, kanzu iliyofuliwa kwa kipande cha Bujumbura ikiwa tahiri, Swalah yake haina upungufu wowote kwa sababu ya sabuni.

Dada yule amekubali tutaje habari yake bila jina. Daftari zimepatikana sasa, ua wetu umechangishana. Mfuko nao bado uko rafuni, haujafunguliwa, anauogopa kwa sababu ni wa bei. Tumemwambia aufungue afulie sare.

Wa biLlaahi at-tawfiyq.