Kilichozoea Dawa Si Mwili

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi Afrika Mashariki kuhusu tiba, ni chache zinazokubaliwa kwa wepesi kama ile isemayo kwamba mgonjwa asiyepata nafuu baada ya kumeza amoksilini, au dawa nyingine ya kundi la antibiotiki, yaani dawa zinazoua bakteria au kuzuia kuzaana kwao, ni mgonjwa ambaye mwili wake umeizoea dawa. Kauli hiyo husikika kwenye maduka ya dawa, na hata baadhi ya wahudumu wa afya huitumia wanapotaka kufupisha maelezo. Ni kauli potofu, na upotofu wake si wa lugha tu, kwa kuwa humfanya mgonjwa ajitazame yeye mwenyewe huku kilichobadilika kikiwa kiumbe kingine kabisa.

Ni kweli kwamba mwili huzoea baadhi ya dawa: anayetumia mofini kwa muda mrefu huhitaji kiasi kikubwa zaidi ili maumivu yaleyale yatulie, kwa sababu seli zake za neva hupunguza mwitikio wake. Huenda ndiko imani hii ilikoazima sura ya ukweli. Lakini mofini hulenga seli za binadamu, ilhali antibiotiki hupendwa kwa sababu hulenga kile ambacho seli hizo hazina, au zinacho kwa umbo tofauti. Bakteria wengi wamevikwa ukuta mgumu wa peptidoglaikani, yaani minyororo ya sukari iliyofungamanishwa kwa vipande vifupi vya asidi za amino, na ukuta huo ndio unaomzuia bakteria asipasuke kwa shinikizo la maji yanayomwingia. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, huving'ang'ania vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemikali za seli, ambavyo hufunga minyororo hiyo, hivyo bakteria anayekua hujijengea ukuta wenye nyufa hadi akapasuka. Seli ya binadamu haina ukuta wa kubomolewa, na kwa hiyo haina cha kuzoea. Virusi vya mafua navyo havina ukuta huo, wala havina ribosomu, vile viwanda vidogo vya kuunda protini ambavyo tetrasaiklini huvizuia ndani ya bakteria. Anayenunua antibiotiki ili kutibu mafua hununua silaha isiyo na shabaha.

Kinachobadilika, basi, ni bakteria, na hata wao hawabadiliki kwa kuzoea. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg, wanasayansi wa Marekani, walionyesha jambo hilo kwa kipande cha mahameli. Walikibandika juu ya kisahani kilichoota makundi ya bakteria ambao hawakuwahi kukutana na dawa, kisha wakakigandamiza, kama mtu apigaye muhuri, kwenye visahani vilivyotiwa streptomaisini. Makundi machache yaliyonusurika yalijitokeza mahali palepale katika kila kisahani, na walipoyafuatilia kwenye kisahani cha mwanzo, kule ambako dawa haikufika, walikuta bakteria sugu walikuwapo tayari, wakiwa wamepata usugu kwa mabadiliko ya kibahati katika jeni zao. Dawa haikuwafundisha chochote. Iliwaua jirani zao na kuwaachia uwanja. Baya zaidi ni kwamba bakteria hupeana usugu kwa kurithishana plasmidi, vipete vidogo vya DNA vinavyoweza kuvuka kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa spishi tofauti.

Hapo ndipo imani ya mwili uliozoea inapoporomoka, kwa kuwa mtoto mchanga ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja anaweza kuambukizwa bakteria sugu siku anayozaliwa, na mtu mzima anayejisifu kwamba hagusi dawa ovyo anaweza kuwapata kutoka kwa jirani aliyekuwa akizimeza kila alipokohoa. Imani hii huugeuza usugu kuwa siri ya mtu mmoja, kama mzio au uzito wa mwili, ambayo huisha kwa kubadilisha dawa au kuipumzisha kwa miezi michache.

Malaria, ingawa kimelea chake si bakteria, inaonyesha ukubwa wa mapumziko yanayohitajika. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993, baada ya vimelea sugu kuifanya dawa hiyo ishindwe kuwatibu watoto wengi, na utafiti uliofanywa Blantyre na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba iliwaponya watoto 79 kati ya 80. Katika miaka hiyo, vimelea vyenye jeni ya usugu vilikuwa vimesukumwa kando na vile visivyokuwa nayo. Mgonjwa mmoja aliyejinyima klorokwini nyumbani kwake asingeyaleta mabadiliko hayo. Ilibidi nchi nzima iiache, kwa zaidi ya miaka 10. Na kwa bakteria hata mapumziko ya namna hiyo hayana uhakika, kwani plasmidi moja huweza kubeba jeni za usugu dhidi ya dawa kadhaa kwa pamoja, kiasi kwamba dawa moja inayoendelea kutumiwa huzilinda zote, ikiwemo ile inayozima dawa iliyokwisha kuondolewa madukani.