Hiari Yashinda Utumwa

Serikali inayotaka wananchi wake wapange uzazi ina njia mbili mbele yake: kuwaelimisha na kuwapatia huduma, au kuwavuta kwa fedha na zawadi. Njia ya pili huonekana kuwa fupi. Lakini historia ya India, iliyotangulia mataifa mengine kuanzisha mpango wa taifa wa uzazi wa majira mwaka 1952, yatufunza kwamba njia hiyo fupi ina mashimo mengi, na wanaotumbukia humo ni maskini.

Mwezi Julai 1971, wilayani Ernakulam katika jimbo la Kerala, ilifunguliwa kambi kubwa ya upasuaji. Kila mwanamume aliyekubali kufungwa uzazi alipewa fedha taslimu pamoja na nguo na chakula. Katika mwezi mmoja walijitokeza zaidi ya wanaume 60,000, na tarakimu hizo zikasifiwa hata nje ya India. Sisi twauliza: wangapi miongoni mwao walifuata uzazi wa majira, na wangapi walifuata chakula? Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Uamuzi usiotanguka kwa urahisi haufai kufanywa na mtu ambaye mawazo yake yako kwenye mlo wa jioni.

Mambo yalizidi kuharibika katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Juni 1975. Sera ya Aprili 1976 ilipandisha malipo hadi Rupia 150 kwa mwenye watoto wawili, 100 kwa mwenye watatu, na 70 kwa mwenye wanne au zaidi. Watumishi wa serikali, wakiwemo walimu, walipangiwa idadi ya watu wa kupeleka kambini, na wako walioshindwa wakazuiliwa mishahara. Hapo zawadi ikageuka kuwa shuruti. Katika mwaka wa 1976-77 watu zaidi ya milioni 8 walifungwa uzazi. Machi 1977 wananchi walitoa jibu lao katika uchaguzi: chama cha Congress kiliangushwa, na Waziri Mkuu Indira Gandhi mwenyewe akapoteza kiti chake cha Bunge. Hasira juu ya kampeni hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Baadaye mzigo ukahamia kwa wanawake. Novemba 2014, wilayani Bilaspur katika jimbo la Chhattisgarh, daktari mmoja aliwapasua wanawake 83 kwa siku moja, na zaidi ya kumi walifariki dunia. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamuru kambi za namna hiyo zikomeshwe katika muda wa miaka mitatu.

Hatusemi kwamba uzazi wa majira ni jambo baya. La hasha! Kerala hiyo hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikwisha kufikia wastani wa watoto wapatao wawili kwa kila mwanamke, wakati India nzima ilikuwa bado na zaidi ya watatu. Kambi zilikuwa zimepita zamani. Kilichodumu ni wasichana kupelekwa shule, zahanati kuwa karibu na watu, na mama kuwa na matumaini kwamba mtoto aliyemzaa ataishi.

Wala hatusemi kwamba fedha zisitumike kabisa. Kumrudishia mwananchi nauli yake na ujira wa siku aliyoipoteza ni haki, mradi alipwe sawa bila kujali njia aliyoichagua. Lakini malipo yanayozidi hapo si msaada bali ni chambo, na mtumishi anayelipwa kwa kuhesabu vichwa hana budi kuwa mvuvi.

Kwa hiyo twazisihi serikali za nchi zinazoendelea: fedha za zawadi zipelekwe zahanati na shuleni. Mwananchi aliyeelewa hahitaji kununuliwa, na aliyenunuliwa hajaelewa bado.