Nguzo ya Kibanda Ipandwe, Isikatwe



Katika mashamba yetu ya makazi wengi tungali tunajenga vibanda vya matawi, vya kuwakinga ndama na jua, na vya kutilia kivuli miche ya kitalu. Vibanda hivyo ni vyema, maana havitaki mabati. Ubaya wake ni nguzo. Mchwa huzila chini kwa chini, mvua za masika zikanyesha, na asubuhi mwenye shamba hulikuta paa limelala juu ya ndama wake.

Wako wanaosema dawa yake ni mtarakwa. Ni kweli, mti huo hustahimili mchwa. Lakini hukua polepole mno, na kuukata katika msitu wa Serikali bila kibali ni kosa. Tena msitu ukiisha, mito ya mashamba yetu itatoka wapi?

Maoni yangu ni kwamba nguzo tuzipande wenyewe. Mchwa hupenda mti mkavu. Mti ulio hai na wenye afya hawausumbui sana. Mahali pasipo baridi kali yafaa kuchagua mukungugu, ambao wazee wa Kikuyu huupanda ili viazi vikuu vipate pa kutambaa. Muhuti nao unafaa, ila una miiba, basi ikwanguliwe upande wanaopita ndama. Miti hii miwili huchipua kwa kuchomeka tawi lililokatwa.

Kata matawi manene kama mkono, marefu kupita kimo cha mtu, kabla mvua hazijaanza. Yafukie futi mbili na kuushindilia udongo. Usiyatwike paa upesi; ngoja yashike mizizi barabara, na kwa muda huo tumia nguzo kavu kando yake. Halafu pogoa kila mwaka, na matawi hayo utaezekea.

Jihadhari na mnyaa. Huota upesi, lakini utomvu wake huunguza macho ya watoto na ya wanyama. Mathenge pia usiulete shambani. Tangu mwaka 2008 umetangazwa kuwa gugu la hatari katika Kenya. Mkaratusi nao usipandwe karibu na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Mtu atasema kungoja ni kazi. Je, kujenga upya kibanda kile kile kila mara si kazi? Chimba mashimo manne sasa, ili mvua zikukute tayari.