Kaya Huhitimu, Ulemavu Hauhitimu

Na Kulwa Mabula

Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kwamba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotolewa na halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inasimamishwa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeanika mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa pamoja na vikundi hewa, na nchi nzima ikawa inazungumza habari ya wizi. Ilistahili kuzungumzwa. Lakini kati ya asilimia hizo 10, nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili ni za watu wenye ulemavu, na hizo mbili zilizimwa kwa swichi moja na nyingine zote. Ilibidi kusubiri hadi Julai 2024, zaidi ya mwaka mzima, ndipo utoaji ulipofunguliwa tena chini ya kanuni mpya. Najua wapo watakaosema hayo yamepita. Kwangu hayajapita, kwa sababu fikra iliyoyazaa bado ipo: kwamba msaada kwa mtu mwenye ulemavu ni kifungu cha bajeti kinachoweza kusitishwa wakati hesabu zinarekebishwa, kisha kikarudishwa bila mtu kuumia. Hoja yangu ni kwamba hakuna kinachookolewa hapo. Gharama ya ulemavu haisimami malipo yanaposimama. Inahama tu kutoka kwenye vitabu vya halmashauri na kuingia ndani ya nyumba ya mtu, ambako hakuna mkaguzi.

Tuitazame gharama yenyewe hapa kwetu. Mwanza ni mji wa mawe na vilima, na watu wengi wa kipato cha chini wanaishi huko juu, Mabatini, Igogo, Bugarika, kwenye njia ambazo kiti mwendo hakipiti. Mwenye miguu yake anashuka hadi barabarani, anapanda daladala. Asiyeweza kutembea anahitaji watu wa kumbeba hadi chini, kisha akodi bajaji nzima, kwa kuwa kiti chake hakiingii kwenye daladala na bodaboda haiwezi kukipakia. Safari hiyohiyo ya kwenda Soko Kuu au kupanda hospitali ya Bugando kuonana na daktari inamgharimu mara kadhaa ya jirani yake. Mkazi wa kisiwa cha Ukerewe ana mzigo mzito zaidi. Akitaka kufika hospitali ya kanda anavuka kwa meli kutoka Nansio, na kama haoni au hawezi kutembea peke yake anasafiri na msindikizaji: nauli mbili kwenda, mbili kurudi, na siku ya kazi ya mtu wa pili imepotea. Kiziwi anayetaka kueleweka kituo cha afya au polisi hukuta hakuna mkalimani wa lugha ya alama, akaja na ndugu wa kumsemea hata mambo ambayo asingetaka ndugu ayasikie. Hiyo nayo ni gharama, ingawa haina risiti.

Kisha kuna watu wenye ualbino, ambao Kanda ya Ziwa ina deni nao la pekee. Mauaji na mashambulizi yaliyoanza kusikika kwa wingi mwaka 2007 yaliwasukuma watoto wengi kutoka vijijini kwao kwenda kuishi katika shule kama Mitindo ya Misungwi na Buhangija ya Shinyanga. Wengi wetu tukisema usalama wao tunafikiria mapanga. Jua nalo linaua, polepole na bila habari ya gazeti. Saratani ya ngozi inazuilika kwa mafuta ya kukinga mionzi, kofia pana, nguo za mikono mirefu na uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara, lakini kinga hiyo haitaki mapumziko. Mafuta ya miezi sita yakifuatiwa na miezi sita mitupu hayampi mtu nusu ya kinga, maana ngozi inaendelea kuungua. Na kazi za mwambao wetu ni za juani: kuvua, kuanika dagaa, kulima mihogo. Mwenye ualbino anayekosa mtaji wa kufungua kibanda chenye kivuli anarudi kwenye jua kutafuta chakula. Kwake mkopo mdogo usio na riba ni suala la biashara na la matibabu kwa wakati mmoja.

Gharama hii ya ziada ya ulemavu imewahi kupimwa kwa hesabu. Amartya Sen, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alisisitiza kwamba kipato kilekile hakinunui maisha yaleyale kwa watu wawili ambao mmoja wao ana ulemavu, na akatumia utafiti wa Wiebke Kuklys wa Chuo Kikuu cha Cambridge kuuonyesha ukubwa wa tofauti. Kwa takwimu za Uingereza, asilimia 17.9 ya watu waliishi katika familia zilizo chini ya mstari wa umaskini. Katika familia zenye mtu mwenye ulemavu ilikuwa asilimia 23.1. Kuklys alipoongeza kile ambacho familia hizo zinalazimika kutumia zaidi ili kuishi kama wengine, asilimia hiyo ikapanda hadi 47.4. Yaani umaskini mwingi wa ulemavu hauonekani kabisa ukiuliza kipato peke yake. Na hiyo ni Uingereza, yenye vivuko vya barabarani na mabasi ya kupakia viti mwendo.

Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi na neno "kuhitimu". Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulizindua awamu yake ya pili Februari 2020, awamu iliyopangwa kumalizika Septemba 2025, na kaya kwa maelfu zimetangazwa kuhitimu kwa sababu hali zao zimeinuka. Mpango huu umefanya kazi kubwa, na kaya iliyopata mbuzi, bati na biashara ndogo ina haki ya kujivunia. Lakini kinachopimwa ni kaya. Kaya inaweza kuhitimu, na ndani yake akabaki bibi asiyeona au kijana mwenye mtindio wa ubongo ambaye mahitaji yake ni yaleyale ya juzi, na yataongezeka mama anayemhudumia akizeeka. Bati jipya halimbebi mtu kwenda zahanati. Kuhitimisha kaya ya namna hiyo kwa kipimo kilekile cha kaya nyingine ni kurudia kosa ambalo hesabu za Kuklys zinalionyesha.

Gharama iliyohama inaangukia nani? Mara nyingi sana ni mwanamke. Mama anaacha kwenda mwaloni Kirumba kununua dagaa wa kuchuuza kwa sababu hakuna wa kubaki na mtoto. Dada anarudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu babu asiyeona anahitaji wa kumshika mkono. Serikali imetumia fedha nyingi kufuta ada na kumweka msichana huyo darasani, halafu kwa kuokoa kiasi kidogo upande mwingine inamtoa. Wanaosema kwamba familia za Kiafrika huwatunza watu wao wanasema kweli, nami sitaki kuubeza utu huo. Ila familia ya mvuvi, ambayo kipato chake kinategemea mbalamwezi na bei ya sangara, haina akiba ya kubeba peke yake kile ambacho dola inakiona kizito.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wizi. Fedha za umma zilipotea, marejesho hayakuja, na serikali isiyochukua hatua ingekuwa mshirika. Nalikubali hilo lote isipokuwa hitimisho kwamba ilibidi malipo yote yasimame. Kikundi hewa hakijisajili chenyewe. Kinapita kwenye mikono yenye kalamu na muhuri. Mwaka 2016 Serikali ilipogundua watumishi hewa kwa maelfu, ilifanya uhakiki, ikafuta majina, ajira mpya zikasimama kwa muda. Mishahara ya walimu na wauguzi halali iliendelea kulipwa. Hakuna aliyependekeza kwamba kwa kuwa wapo hewa, mwalimu wa Magu au Kwimba akae mwaka mzima bila mshahara hadi mfumo usafishwe. Tulijua, bila kuambiwa, kwamba ana watoto wa kulisha. Basi njia ya kusafisha bila kukata ilikuwa inafahamika na ilishatumika. Watu wenye ulemavu hawakupewa heshima ya njia hiyo, ingawa wao ni rahisi kuwahakiki kuliko kundi lolote, kwa kuwa maafisa ustawi wa jamii na vyama vyao vyenyewe vinawafahamu hadi ngazi ya mtaa.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba mkopo si ruzuku, kwa hiyo kuusimamisha si kumnyang'anya mtu stahiki. Ningekubali kama kungekuwa na kitu kingine. Tanzania Bara haina malipo ya kila mwezi yanayomfikia kila mtu mwenye ulemavu mkubwa kwa mujibu wa sheria. Mifuko ya hifadhi ya jamii na ule wa fidia kwa wafanyakazi huwahusu hasa walioajiriwa na kuchangiwa. Baharia wa mtumbwi wa dagaa anayeumia uti wa mgongo hana mkataba wa kuonyesha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 3 ya nafasi kwa ajili yao, lakini waajiri wengi wa ukubwa huo wako mjini, nao ni wachache visiwani Ukara na Kome. Ikibaki ile asilimia 2 peke yake, basi ndiyo hifadhi yenyewe, hata kama imevaa jina la mkopo. Nayo ni ndogo: Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Si wote wenye hali nzito, ni kweli. Tofauti kati ya 2 na 11 inabaki kubwa. Na kwa kuwa asilimia hiyo 2 inakatwa kutoka mapato ya ndani, halmashauri ya visiwani inayotegemea ushuru wa samaki hutoa kidogo zaidi pale samaki wanapoadimika, yaani mwaka ambao shida imezidi.

Kuhusu hoja kwamba nchi yetu ni maskini mno kulipa, nitasema kwa kifupi. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti yake, na baadaye ikapandisha hadi 50,000. Kenya, kupitia Inua Jamii, hulipa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa. Hizo si nchi za mafuta. Sisi wenyewe tumejenga daraja la Kigongo–Busisi kwa zaidi ya shilingi bilioni 700, uamuzi mzuri ambao wagonjwa wa Sengerema na Geita wanaufaidi. Taifa lililoweza hilo linaweza kupanga malipo ya kudumu kwa wenye ulemavu mkubwa, hata kama ni kuanza na wachache.

Hata nchi tajiri zinavutwa na kishawishi cha kuokoa fedha kwa kukata msaada wa wenye ulemavu. Machi 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kubana malipo ya ulemavu, na tathmini yake yenyewe ikakadiria kwamba watu 250,000 zaidi, wakiwemo watoto 50,000, wangeingia kwenye umaskini. Wabunge wa chama tawala waliishika tathmini hiyo, wakagoma, na kufikia Julai serikali ikalegeza. Walipopiga kura walijua kura hiyo inamgusa nani.

Uangalifu kama huo unawezekana hapa bila sheria mpya. Awamu ijayo ya TASAF itenganishe malipo ya ulemavu na alama za kaya, ili kaya ikihitimu mtu asihitimishwe nayo. Uhakiki wa mikopo ufanyike huku asilimia 2 ikiendelea kutoka. Na madiwani wa Jiji, Ilemela, Misungwi na Ukerewe, wanapoketi kupitisha bajeti, wadai karatasi moja kabla ya kunyoosha mikono: watu wangapi wenye ulemavu katika kata hii walipata fedha mwaka uliopita, wangapi waliomba wakakosa, na fedha zikisimama kwa miezi mitatu, nani katika kila nyumba ataacha kazi au shule ili kuwahudumia.