Si kila aliyetoka Bara alifika kwa mnyororo



Naomba nafasi nipeleke lalamiko langu kwa wanaopanga ratiba za watalii wa meli wanaoshuka Unguja kwa siku moja. Watashangaa kusikia kwamba anayewasumbua yuko Puge, Nzega, ambako upepo hauleti harufu ya bahari bali vumbi la malori ya Mwanza. Lakini habari wanayowasimulia wageni wao inatuhusu sisi.

Mpwa wangu anatembeza wageni Mji Mkongwe. Nilipokwenda kumsalimu msimu wa kaskazi uliopita, meli kubwa ilikuwa imetia nanga, akaniambia, "Mjomba, twende wote ukaone tunavyokimbizana." Na kweli ni kukimbizana. Wageni walishuka saa tatu asubuhi, na saa kumi jioni kila mmoja alitakiwa awe amekwisha kurudi melini. Katikati hapo kuna Forodhani, kuna Mkunazini, kuna boti ya kwenda kisiwani Changuu kulisha kobe, kuna chakula, na shamba la viungo kwa waliolipia zaidi. Haraka hiyo siilaumu. Machi 2024, kisiwani São Tomé, upande wa pili wa Afrika, abiria wanane walichelewa kurudi kutoka matembezini na meli ikawaacha. Habari ile ilizunguka dunia nzima, na hakuna mtembeza wageni anayetaka yamkute.

Kinachoniuma ni Mkunazini. Kanisa la pale lilijengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na uani mna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni. Wageni wakifika pale hunyamaza, na ndivyo inavyostahili. Kisha kijana aliyeongoza kundi lililotutangulia akanyoosha mkono kuelekea magharibi, akasema kwamba wote waliotoka Bara walifika hivyo: pembe ya ndovu begani, mnyororo shingoni. Picha zikapigwa, haya, botini.

Nilimgeukia mpwa wangu. Wewe Mnyamwezi mwenzangu, nawe huwaambia hivyo? Akacheka kwa aibu: "Mjomba, ndivyo karatasi ya ofisi inavyosema."

Basi naijibu karatasi hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu huru wa kazi ya ujira. Walipatana malipo na posho kabla ya kuondoka, walilipwa kwa doti za nguo za kaniki na merikani, na wakionewa njiani walitua mizigo, safari ikasimama. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, na kutoka Unyanyembe, huku Tabora, hadi Bagamoyo ni miezi mitatu hivi, wakati mwingine zaidi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, waliofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, waliwakuta kazini na biashara yao imekwisha kukomaa. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia na mapambo yake kichwani. Waliobeba pembe kubwa ndio walioringa kuliko wote, na kwenye ncha ya pembe walifunga njuga ya ng'ombe ili wasikike wanakuja. Mtu anayebeba mzigo kwa kulazimishwa haufungi njuga.

Sisemi watumwa hawakupita kwenye njia hii. Walipita, wengi, na watemi na matajiri wa huku kwetu walikuwamo katika kuwauza. Hilo nalo lisemwe pale shimoni bila kupindishwa. Ninachokataa ni kuchanganya safari mbili zilizopita njia moja na kuzifanya moja kwa sababu dakika zimekwisha.

Wala muda si kisingizio. Wageni wale wale wanapelekwa shamba la viungo, wananusa karafuu, wanavishwa kofia za makuti. Nani anawaambia kwamba baada ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897, Wanyamwezi walivuka maji kwenda kuchuma karafuu hizo kwa ujira? Hakuna haja ya kuongeza kituo wala basi. Ni maneno ya dakika tatu, mwongozaji akiwa tayari ameshika kikonyo mkononi.

Na Changuu pia, kama mnataka. Wengi hukiita kisiwa cha gereza, ingawa jengo lile halikupata kutumika kama gereza bali karantini. Hilo waongozaji wote wanalijua na wanalisema vizuri. Kumbe kusahihisha hadithi kunawezekana.

Nawaomba pia wakubwa wa utalii wa Bara. Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu iliwekwa mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya Unesco, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, na Kwihara yetu ya Tabora imo. Mgeni wa saa saba hawezi kufika Kwihara, lakini picha ya tembe ya huko, nyumba ya kale ya udongo, na ramani ya njia nzima vinaweza kubandikwa bandarini Malindi, anaposubiri kupanda kurudi melini. Foleni ile niliiona; ina nafasi ya kusoma.

Meli zinaanza tena Novemba. Kuibadilisha karatasi ile ni kazi ya asubuhi moja, na akitafutwa wa kuisoma kabla haijachapwa, niko Puge.

Mwalimu mstaafu,
Puge, Nzega, Tabora.