Kupimwa Pasipo Kutibiwa si Haki



Wapo wanaoona kwamba katika vijiji vya mbali kama hivi vyetu vya Mang'ola, homa ya ini aina ya B yafaa ipimwe kwa mate: hakuna sindano, hakuna maumivu, na umati mzima hupimwa kwa siku moja. Sisi hatupingi upimaji. Tunapinga wepesi unaomsahau mtu.

Virusi hivi huonekana katika mate kwa kiasi kidogo kuliko katika damu. Hivyo kipimo cha mate chaweza kumwambia mgonjwa kuwa ni mzima, naye akaenda zake kwa amani ya uongo. Jibu la kutegemewa hutoka katika damu, hata tone moja la kidoleni.

Tena tukumbuke historia. Mwaka 1965 Baruch Blumberg wa Marekani na wenzake walitangaza alama waliyoiona katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Baadaye ikajulikana kuwa ni ya virusi hivi. Mwaka 1976 Blumberg alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1981 Marekani iliidhinisha chanjo. Watoto wa Tanzania walianza kuipata katika chanjo za kawaida mwaka 2002. Miaka 21! Wanyonge walitangulia kutoa, wakawa wa mwisho kupokea.

Je, Mhadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi na kibarua wa shamba la vitunguu nao watoe mate yao, kisha waachwe?

Wala tusikubali hofu. Ugonjwa huu hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na toka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa; hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kikombe kimoja. Kumtenga aliyeonekana nao ni dhuluma.

Viongozi wa walei, mpimaji ajapo, muulizeni: Je, watu wameelezwa na kuridhia kwa lugha waijuayo, iwe Kihadza, Kiiraqw, Kidatoga au Kiswahili? Nani atathibitisha majibu kwa damu? Nani atatunza siri? Mgonjwa atatibiwa wapi, kwa gharama ya nani? Na mzima atachanjwa lini?

Asiye na majibu hayo anahesabu watu tu, wala hawahudumii. Hadhi ya binadamu haipimwi kwa idadi.